Chukudu ina sanamu, haina njia

Katikati ya Goma, mashariki mwa Kongo, kwenye mzunguko unaoitwa Rond-point Chukudu, imesimama sanamu ya rangi ya dhahabu: mwanamume na chukudu yake, chombo cha mbao cha magurudumu mawili, ikiwa na mzigo. Iliwekwa zama za Rais Joseph Kabila, na ni nadra mgeni apite pale bila kuipiga picha. Kaa hapo asubuhi moja utaziona pia chukudu zenyewe, zimebanwa kati ya gari la shirika na ukingo wa mtaro, wenye kuzisukuma wakipigiwa honi wapishe. Mji umeipa chukudu heshima ya sanamu, lakini njia ya kupita haujaipa.

Nimeanza hapo kwa sababu mazungumzo juu ya usafiri endelevu, yakifika kwetu, huanza na orodha ya tusivyo navyo: mabasi makubwa, reli ya mjini, taa za barabarani za kisasa. Orodha hiyo ni ya kweli, ila inatupotezea muda. Sehemu kubwa ya watu wa Goma, mji wenye wakazi wanaokaribia milioni 2, hutembea kwa miguu kila siku, na sehemu kubwa ya chakula chao husukumwa kwa mikono. Hakuna moshi hapo. Kinachokosekana ni serikali ya mji inayokubali kwamba huo nao ni usafiri, unaostahili bajeti, ramani na polisi wa kuulinda.

Chukudu huchongwa kwa mti mgumu, mara nyingi mkaratusi, na magurudumu yake ya mbao huvishwa mpira wa tairi kuukuu. Ilienea Kivu miaka ya 1970, wakati uchumi wa Zaire ulipoanza kuyumba na mafuta na vipuri vikawa vya wenye nacho. Inabeba kilo mia kadhaa kwa safari moja. Kwa miaka mingi viazi na kabichi vimeteremka nayo kutoka Kibumba, juu kwenye barabara ya Rutshuru, hadi masoko ya mjini, na fundi wa kuitengeneza ikivunjika yupo kila mtaa. Siipambi: magunia mengi ya makaa inayoyabeba yametoka katika misitu ya Hifadhi ya Virunga, na msukumaji huzeeka magoti kabla ya umri wake. Hata hivyo, nionyesheni chombo kingine kinachomlisha mkazi wa Majengo au Katoyi kwa gharama ile.

Nenda pia Petite Barrière, mpakani na Gisenyi ya Rwanda. Hapo wafanyabiashara wenye ulemavu wanavusha bidhaa kwa vibaiskeli vikubwa vya magurudumu matatu, vinavyozungushwa kwa mikono na kusukumwa na vijana wa kazi. Pembeni yao wanapita mamia ya mama wenye mabeseni kichwani. Ni kimojawapo cha vivuko vya miguu vyenye watu wengi kuliko vyote Afrika, lakini ukishaingia mtaa wa Birere tu, njia ya miguu inaisha: kuna meza za biashara, pikipiki zilizoegeshwa, mtaro ulio wazi, kisha lami.

Kwa hiyo, serikali ya mji ingefanya nini? Sheria ya Oktoba 2008 juu ya ugatuzi inaukabidhi mji barabara zake za ndani, mifereji ya maji na taa. Kujenga ukingo wa waenda kwa miguu hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Lava ya volkano ya Nyiragongo iliyopita katikati ya mji hadi ziwani tarehe 17 Januari 2002 ilituachia mawe yasiyokwisha, na waashi wa Goma wanajua kuyachonga na kuyapanga kuliko mtu yeyote. Kuta za nusu ya mji ni ushahidi. Mtaro ukifunikwa kwa mabamba, palepale unapata njia ya miguu na takataka haziingii kwenye maji. Ni kazi ya mikono, na mikono isiyo na ajira Goma haijawahi kupungua.

Badala ya hayo, chombo kinachopendwa na wakubwa wetu ni marufuku. Chini ya utawala wa kijeshi wa dharura uliotangazwa Mei 2021, pikipiki zilizuiwa kutembea kuanzia saa kumi na mbili jioni, kwa hoja ya usalama. Hoja yenyewe naielewa, maana watu waliuawa usiku na wauaji walikimbia kwa pikipiki. Ila marufuku isiyoleta kitu mbadala inamwacha muuguzi aliyetoka zamu arudi Ndosho kwa miguu gizani, yaani inamhamishia yeye ile hatari iliyokusudiwa kuondolewa. Motari naye, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, ambaye mara nyingi anamlipa mwenye pikipiki kila jioni, hupoteza saa zenye wateja wengi. Kumwandikisha, kumpa fulana yenye namba, kumpangia kituo na kudai helmeti ya abiria kungesaidia usalama zaidi, lakini kunataka ofisi inayofanya kazi kila siku, na hilo ni gumu kuliko kutia sahihi tangazo.

Majirani wametupa masomo mawili, na yote si ya sifa tupu. Kigali ilianza siku yake ya barabara bila magari mwaka 2016, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa huko lazima ziwe za umeme. Wamefika hapo kwa sababu wamotari wao walishakuwa wameandikishwa na kupangwa miaka mingi kabla. Dar es Salaam, kwa upande wake, ilianzisha mabasi ya Mwendokasi mwaka huohuo wa 2016 na kushangiliwa dunia nzima, kisha abiria wakabaki wakisukumana vituoni kwa uhaba wa mabasi, huku karakana ya Jangwani ikijaa maji kila mvua kubwa. Kununua basi ni rahisi kuliko kulitunza.

Kwenye umeme, Goma ina bahati ambayo miji mingi ingeionea wivu. Kituo cha umeme wa maji cha Matebe, katika Rutshuru, kilizinduliwa Desemba 2015 na nguvu yake imefika mjini kupitia kampuni ya Virunga Energies. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru ilifungua mtambo wa jua wa megawati 1.3 hapahapa Goma. Pikipiki ya umeme ikichajiwa kwa mitambo kama hiyo inatembea kwa maji ya mlimani na jua, ilhali ya petroli inategemea malori, mipaka na wale Kadhafi wetu, wauza petroli wenye vidumu kando ya barabara, ambao bei yao hupanda kila bunduki inapolia. Katika mji unaozingirwa mara kwa mara, umeme wa nyumbani ni suala la kuishi kabla halijawa suala la mazingira.

Kuna wanaotazama Ziwa Kivu. Ufuko unaenda sambamba na barabara ya Sake, na boti zingeweza kupunguza msongamano. Ningekubali haraka, kama si tarehe 3 Oktoba 2024, wakati boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilipozama karibu na bandari ya Kituku, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Watu walikuwa wamelazimika kupanda maji kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara. Kabla ya boti za abiria wa mjini, tunahitaji mtu bandarini anayehesabu vichwa na kukataa rushwa.

Na kwa anayedhani njia ya miguu ni urembo wa nyakati za amani, nitamkumbusha Mei 2021. Tarehe 22 lava ilishuka tena na kuikata barabara ya Rutshuru. Siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Watu kwa malaki walielekea Sake, wengi wao kwa miguu, watoto na magodoro mgongoni, kwenye barabara ileile moja iliyojaa magari yasiyosogea. Volkano bado ipo, na mpango wowote wa kuokoa maisha Goma utategemea upana wa njia ambayo mtu na chukudu wanaweza kupita.

Mameya wa Goma huteuliwa, hawachaguliwi na wakazi, na tangu mwisho wa Januari 2025 mji uko mikononi mwa waasi wa AFC/M23; walipouteka, benki zilifungwa na uwanja wa ndege ukanyamaza. Anayekusanya kodi ya soko na ya pikipiki leo, kama aliyeikusanya jana, anadaiwa barabara na aliyelipa. Aanze na barabara moja, kutoka Petite Barrière hadi soko la Virunga: mtaro ufunikwe, meza zihamishiwe sehemu zilizochorwa, na mita mbili kila upande ziwe za miguu, chukudu na vibaiskeli, gari lolote litakaloegesha humo lilipe faini. Wakazi wataona wenyewe kama kodi yao imefika.