Utafiti wa muhogo usiishie maabara. Pingili safi zimfikie mkulima

Kwa karibu miaka 90 wanasayansi wamekuwa wakipambana na magonjwa mawili yanayoiangamiza mihogo ya Afrika Mashariki: batobato kali na michirizi ya kahawia. Katika miaka kumi hivi iliyopita wamepata majibu ambayo waliowatangulia wasingeweza kuyapata. Vinasaba vya muhogo vimesomwa. Sehemu zinazobeba ukinzani zimeonekana kwenye kromosomu. Aina bora zimezalishwa na kupewa majina. Hata hivyo, mkulima wa Newala, Mkuranga au Sengerema anapofika msimu wa kupanda, mara nyingi bado anachukua pingili kwa jirani bila kujua zimebeba nini. Hukumu ya gazeti hili ni kwamba ucheleweshaji huu haupaswi kuandikwa kwenye hesabu ya sayansi. Wenye kujibu ni wale waliopewa dhamana ya mbegu na fedha za umma.

Tuanze na hasara yenyewe, kwa sababu wengi wanaopitisha bajeti hawajaiona. Michirizi ya kahawia humdanganya mkulima hadi siku ya mavuno. Mmea umesimama vizuri na majani ya juu ni ya kijani kibichi. Dalili ziko kwenye majani ya chini, umanjano unaofuata vishipa, ambao wengi hudhani ni uzee wa jani tu. Mkulima anapalilia na kungoja miezi kumi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Siku ya kuchimba, muhogo unatoka mnene na ganda lake zima. Anaukata kwa kisu na kukuta ndani madoa ya kahawia, makavu na magumu kama kizibo cha chupa. Anatupa kipande cha kwanza, anatupa cha pili. Haufai kuchemshwa, haufai kwa makopa wala unga, na mnunuzi haukubali. Mwaka mzima wa jasho umeishia kwenye jaa.

Magonjwa yote mawili yalielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza katika ardhi ambayo leo ni Tanzania: batobato mwaka 1894, michirizi ya kahawia mwaka 1936. Juhudi za kwanza za kuyashinda nazo zilifanyika hapa, katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara. Pale H. H. Storey na R. F. W. Nichols, na baadaye D. L. Jennings, waliuchavusha muhogo kwa chavua ya ndugu zake wa porini. Ndugu aliyewafaa zaidi alikuwa mpira, mti ambao Wajerumani waliupanda kwa ajili ya utomvu wake, na ambao majani yake watu wa Pwani huyachuma hadi leo kupikia kisamvu cha mpira. Watafiti wakayachukua mahuluti hayo na kuyachavusha tena na muhogo, kizazi baada ya kizazi, ili ukinzani wa mpira ubaki huku mizizi ikirudia unene wa muhogo.

Kazi ile ilizaa matunda, kisha ikaachwa mikononi mwa wengine. Katika miaka ya 1950 mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria. Kutokana nazo taasisi ya kimataifa ya IITA, yenye makao makuu yake Ibadan, ilizalisha aina maarufu ya TMS 30572. Aina hiyo ikarudi Afrika Mashariki na kupandwa Uganda kwa jina la Nase 3, wakati batobato kali ilipokuwa ikifuta mashamba ya muhogo ya nchi hiyo katika miaka ya 1990. Huku nyumbani, huluti la Amani lenye namba 46106/27 lilibaki kwa wakulima wa pwani ya Kenya, wakaliita Kaleso. Kusini mwa Tanzania wakulima nao walikuwa na muhogo wao, Namikonga, unaohimili michirizi ya kahawia kuliko karibu aina nyingine zote. Wanasayansi walipolinganisha vinasaba, Kaleso na Namikonga vilionekana kuwa kitu kimoja. Wakulima wasio na maabara wala bajeti waliutunza kwa nusu karne urithi wa utafiti ambao taasisi za umma zilikuwa zimeusahau. Waliutunza kwa sababu waliona mizizi yake haiozi.

Sayansi mpya imethibitisha kwamba wakulima hao walikuwa sahihi. Mwaka 2016 jopo la watafiti wa kimataifa lilichapisha katika jarida la Nature Biotechnology uchambuzi wa vinasaba vya aina nyingi za muhogo na jamaa zake. Ulionyesha kuwa vipande vya vinasaba vya mpira vilivyoingizwa Amani vingali ndani ya mihogo ya Afrika hadi leo. Mwaka 2017 Esther Masumba, Fortunus Kapinga, Geoffrey Mkamilo na wenzao walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya kwa kuchavusha Namikonga na Albert, aina mbili za wakulima wa Tanzania. Watoto wa uzao huo walipandwa Naliendele, Mtwara, na Chambezi, Bagamoyo, penye ugonjwa, wakapimwa mmoja mmoja. Kati ya kromosomu 18 za muhogo, watafiti walionyesha zile zinazobeba ukinzani uliotoka kwa Namikonga. Hiyo ni kazi ya Watanzania, kwa mihogo ya Watanzania, na inastahili kujulikana zaidi ya kurasa za jarida la wataalamu.

Mwaka 2022 likaja jibu la fumbo jingine. Aina nyingi zinazohimili batobato hutegemea ukinzani uitwao CMD2, uliotoka kwenye mihogo ya asili ya Afrika Magharibi. Kwa miaka mingi haikujulikana unafanyaje kazi. Watafiti waliuhusisha na mabadiliko madogo kwenye jeni inayounda kimeng'enya ambacho mmea hukitumia kunakili vinasaba vyake. Virusi vya batobato havina kimeng'enya hicho. Huazima cha mmea ili vizaliane. Chombo kikibadilika kidogo, mmea unaendelea kuishi na kirusi kinakwama.

Faida ya elimu hii ni muda. Zamani mzalishaji mbegu alilazimika kupanda maelfu ya miche, kuikuza, kuipeleka penye ugonjwa na kungoja kuchimba mizizi, kazi iliyoweza kumaliza muongo mzima kabla ya aina mpya kutangazwa. Leo anaweza kuchukua jani la mche mchanga, kusoma vinasaba vyake na kukadiria mapema mche upi unafaa kuendelezwa. Mradi wa NextGen Cassava, ulioanza mwaka 2012 chini ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani pamoja na vituo vya Afrika, kikiwemo Namulonge cha Uganda, ulijengwa juu ya njia hiyo.

Elimu hiyohiyo inatuonya. Kama aina nyingi zinategemea ukinzani mmoja dhidi ya batobato, kirusi kitakachoupita kitazivamia zote kwa pamoja. Tahadhari ya namna hiyo haiwezi kuchukuliwa na mkulima peke yake. Inahitaji vituo vya utafiti vyenye watu, mashamba ya majaribio na fedha za kudumu, vinavyochanganya ukinzani wa vyanzo mbalimbali kabla balaa halijafika.

Sasa tuje pale mambo yanapokwama. Muhogo haupandwi kwa punje. Hupandwa kwa pingili zilizokatwa kwenye shina, na shina moja hutoa takriban pingili kumi kwa mwaka, wakati hindi moja hutoa mamia ya punje. Pingili ni mzigo mkubwa, hukauka upesi, na haziwezi kungoja msimu ujao kwenye rafu ya duka la pembejeo. Mkulima akizipata mara moja, mwaka unaofuata atakata zake mwenyewe. Ndiyo maana kampuni za mbegu hazioni faida ya kuwekeza humo, na hatuzilaumu. Biashara hufuata faida. Lakini pale biashara inapokataa na chakula cha watu kiko hatarini, wajibu huo ni wa Serikali. Hilo haliwezi kukwepwa kwa hotuba za kuhimiza sekta binafsi.

Pingili ndizo pia gari la ugonjwa. Inzi weupe hueneza michirizi ya kahawia kutoka shina hadi shina na kutoka shamba hadi shamba la karibu. Safari ndefu, kutoka wilaya hadi wilaya na kuvuka mpaka, hufanywa na binadamu aliyefunga mzigo wa pingili juu ya baiskeli au ndani ya lori. Aina yenye jina zuri isiyokaguliwa yaweza kuwa mlango wa maradhi kama aina yoyote nyingine. Tanzania ina chombo cha kudhibiti ubora wa mbegu, TOSCI, na ina daraja la mbegu za kuazimiwa ubora linalomruhusu mkulima mdogo kuzalisha pingili kijijini kwake chini ya ukaguzi. Utaratibu ni mzuri, lakini bila mkaguzi anayefika shambani kwa wakati unabaki kuwa karatasi.

Kisingizio cha fedha hatukipokei. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka Sh bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi Sh bilioni 954 mwaka 2022/23. Tuliipongeza hatua hiyo na tunaipongeza tena. Mwaka huohuo mbolea ya ruzuku ilianza kuwafikia wakulima waliosajiliwa. Serikali inayoweza kumfuatilia mkulima kwa namba yake ili apate mfuko wa mbolea inaweza pia kuufuatilia mzigo wa pingili hadi kijijini. Kinachokosekana ni kuupa muhogo uzito unaostahili. Zao hili limebebeshwa tangu enzi za ukoloni jina la chakula cha njaa, na vitabu vya bajeti vinaendelea kuliangalia hivyo huku mamilioni ya wananchi wakilitegemea kila siku.

Aibu nyingine ni kwamba sehemu kubwa ya utafiti tulioutaja imelipwa na fedha za nje, hususan za taasisi ya Gates na za Serikali ya Uingereza. Hatuwalaumu waliotoa. Tunazilaumu serikali zetu, ambazo kupitia Umoja wa Afrika ziliahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, Maputo mwaka 2003, na zikarudia ahadi hiyo Malabo mwaka 2014. Mfadhili akibadili mawazo, shamba la mbegu mama linaota magugu.

Lipo pia suala la mazao yaliyobadilishwa vinasaba, yaani GMO, ambalo hatutalikwepa. Kenya mwaka 2021 iliidhinisha muhogo wa aina ya 4046, uliobadilishwa vinasaba ili kuhimili michirizi ya kahawia, uendelee na majaribio ya kitaifa; mjadala mpana wa mazao hayo ukaishia mahakamani. Uganda bunge lilipitisha muswada, rais akakataa kuutia saini. Tanzania majaribio ya mahindi ya Makutupora, Dodoma, yalisimamishwa kwa amri ya wizara mwaka 2018, na mwaka 2021 waziri akatangaza kuyafuta majaribio ya aina hiyo.

Taifa lina haki ya kuzikataa mbegu hizo. Halina haki ya kukataa kujua. Mwaka 2019 wanasayansi waliojaribu kuukinga muhogo dhidi ya batobato kwa kuhariri jeni, ndani ya banda lililofungwa huko Uswisi, walitangaza wazi kwamba jaribio lao lilishindwa, na kwamba baadhi ya virusi vilijibadili na kuikwepa kinga hiyo. Onyo hilo lilitokana na jaribio. Aliyefunga banda lake hawezi kuligundua, wala hawezi kubishana kwa hoja na muuzaji atakayebisha hodi kesho. Uamuzi mzito kiasi hiki ufanywe na Bunge kwa sheria, baada ya kusikiliza ushahidi na wakulima, usiyumbe kwa kila waziri anayeingia na kutoka.

Watafiti nao wasijione wametakata. Wengi huhesabu mafanikio kwa makala zilizochapishwa na aina zilizotangazwa. Makala ziko kwa Kiingereza, na aina zilizotangazwa hubaki kwenye vishamba vya kituo. Mtafiti anayelipwa kwa kodi ya mkulima anadaiwa maelezo kwa lugha ya mkulima huyo, na hesabu ya mashamba yaliyopandwa mbegu yake.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, bajeti ijayo ya kilimo iwe na fungu lake la pingili za muhogo, za mbegu mama na za msingi, kwa vituo vya taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, TARI, vya Naliendele, Kibaha na Ukiriguru, fungu lisilohamishwa katikati ya mwaka. Pili, TOSCI ipewe wakaguzi na usafiri wa kufika kwa wazalishaji wa vijijini kabla ya msimu wa kukata pingili. Tatu, Waziri wa Kilimo alieleze Bunge kila mwaka ni pingili ngapi safi zimetoka, za aina gani, na zimekwenda wilaya zipi. Nne, Serikali ipeleke bungeni sheria ya majaribio ya mbegu za uhandisi jeni, ijadiliwe hadharani na kuamuliwa.

Hakuna katika hayo linalongoja ugunduzi mpya. Namikonga ipo na ukinzani wake umesomwa. Wataalamu wapo, na mkulima yuko tayari kupanda. Waziri atakayesimama kusoma bajeti ijayo bila fungu hilo ajue kwamba mihogo itakayooza shambani msimu unaofuata itakuwa imeoza kwa uamuzi wake, na gazeti hili litamhesabia hivyo.