Sifa ni Ushahidi

Wanaume wengi wa pwani yetu, wakiulizwa kwa nini hupitisha mwezi baada ya mwezi bila ya kuwatamkia wake zao, dada zao au binti zao neno moja la sifa, hukimbilia methali ya mgema, ambaye akisifiwa tembo hulitia maji. Na wakiisha kuitaja huegemea ukuta kama watu waliokwisha kukata hukumu isiyo na rufani. Naona methali hiyo wameidhulumu. Mgema hathubutu kulitia maji tembo la mtu ajuaye ladha yake, apambanuaye la asubuhi na la jioni, na awezaye kueleza la leo limelizidi la jana kwa lipi (na hapa mimi ni msemaji wa kuambiwa tu, kwani sikulionja). Humtilia maji yule asifuye kwa mazoea, ambaye ulimi wake haukutambua kitu. Kosa, basi, si la sifa, ni la msifuji asiyejua anachokisifu. Na hili ndilo nitakalo kuwaambia wanaume wenzangu, kwamba sifa ya kweli ni ushahidi, na hakuna kadhi, hata angekuwa mpole namna gani, akubaliye ushahidi wa mtu ambaye hakuona.

Wahenga walikwisha kulisema kwa ufupi zaidi: asifuye mvua imemnyea. Mtazame bwana mwenye ada ya kusema "chakula kizuri" kila aondokapo jamvini, siku ya wali uliokolea tui barabara na siku ya wali ulioungua hata moshi ukafika ukumbini. Maneno yake ni yale yale na sauti yake ni ile ile, na mkewe, ambaye si mjinga, amekwisha kujua zamani kwamba bwana huyo angaliyasema hata kama angaliandikiwa sinia tupu. Kisha mtazame mwenziwe, ambaye pengine hupita siku kadha asiseme kitu, na siku moja akalisimamisha tonge njiani akauliza: "Mama Salma, mchuzi huu wa papa leo umeutia embe mbichi mahali pa ukwaju? Umepata ukali mwingine, nami naupenda kuliko ule." Huyu hakutumia neno kubwa hata moja, hakutaja lulu, wala marijani, wala mwezi wa kumi na nne. Lakini mwanamke aliyekaa jikoni tangu adhuhuri, akakuna nazi na kukamua tui la kwanza na la pili huku macho yakimwasha kwa moshi, amejua leo kwamba ng'ambo ya pili ya sinia palikuwa na mtu.

Na mambo ya kuonwa si ya jikoni peke yake, lakini hapo ndipo wengi wetu tunapokomea, tukidhani kwamba tumemaliza wajibu. Yuko mwanamke aishikaye kichwani hesabu ya upatu wa mtaa mzima, nani ametoa, nani amepokea, nani ameomba subira hadi mwisho wa mwezi, bila ya daftari wala kalamu, na haijapata kutokea siku ambayo watu waligombana kwa sababu yake. Yuko ambaye ndugu wawili wa mumewe walipohasimiana kwa ajili ya shamba la urithi, alikwenda kwa huyu na kwa yule, akalificha neno kali na kulifikisha lililo jema, hata wakala sinia moja siku ya Idi. Na mumewe akasema kwamba ndugu zake wana akili. Yuko karani aliyekaa hata magharibi akazisawazisha hesabu za mwezi zilizowashinda watu watatu kabla yake, na asubuhi mkubwa wake akamwambia kuwa gauni lake zuri. Sina shaka gauni lilikuwa zuri. Lakini mkubwa yule alitakiwa kushuhudia kazi iliyokuwa juu ya meza yake, akashuhudia kitambaa.

Yako pia maneno yajiitayo sifa ambayo hayana nasaba nayo. Hayo wayarushiwayo wanawake na watu waliojaza baraza, mwanamke akipita na shughuli zake, mmoja akamwita ua, wa pili akamwita asali, wa tatu akapiga mluzi, nayasikia tangu utotoni, wala sijapata kumwona mwanamke aliyerudi nyuma kusema ahsante. Nilichokiona ni kwamba huzidisha hatua, na siku ya pili huzunguka kwa uchochoro mwingine ulio mrefu zaidi. Huo si ushahidi, ni ushuru wanaomtoza kwa kupita njia ya Mungu. Tena wako wastaarabu wa sura, wasiokaa barazani, ambao humvika mwanamke kilemba cha ukoka kwa upole mwingi, na kila sifa wameifunga ndoana. Akicheka wanavuta, na asipocheka humgeuzia maneno wakasema kwamba ana kiburi. Atakaye kujua kama sifa yake ni ya dhati na ajiulize kama angali radhi kuisema endapo atajibiwa kwa ahsante tu, kisha kila mtu akaenda zake.

Sisemi kwamba uzuri usisifiwe. Mtu na mkewe wana haki yao katika jambo hilo, na mume aliyeona kuwa mkewe amefunga kanga mpya, au amejitia kikuba cha asumini na rehani, akanyamaza kama aliyeketi na jiwe, amefanya ubakhili katika kitu kisichompunguzia mali. Na aseme, aseme na Mashaallah yake kama tulivyofunzwa na wazee ili husuda isipate mlango. Ila asimpime na shemejiye wala na jirani, maana hapo huudhi wawili kwa neno moja.

Lakini sura siyo mzani wa pekee. Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, aliyezaliwa Fumba akawa akileta vyungu mjini na kuvinadi kwa sauti, alipoanza kupata jina alitungiwa nyimbo za kumbeza, kwa asili yake ya shamba na kwa sura yake. Waliomtungia walikuwa na macho, ila hawakuwa na masikio. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay akatia sauti yake katika santuri, na santuri zile zikanunuliwa pwani nzima. Na mwandishi Shaaban Robert, katika wasifu aliomwandikia, uliotoka baada ya Siti kufa, alimshuhudia kwa kazi yake na tabia yake. Ndivyo asifiwavyo mtu. Ingawa naona uchungu kidogo kwamba kwa wanawake wetu wengi ushahidi mzuri kama huo hungoja matanga.

Watu wa haya watanijibu kwamba si desturi ya muungwana kumtaja mkewe mbele ya wanaume. Naistahi haya, lakini nauliza tumeipokea kwa nani. Mtume Muhammad (S.A.W.), kwa mapokezi tuliyonayo, alimtaja mkewe Bibi Khadija miaka baada ya kufa kwake, wala hakumtaja kwa sura, alimtaja kwamba alimwamini watu walipomkadhibisha, na alimsaidia kwa mali yake watu walipomnyima. Na Amr bin al-As, jemadari wa jeshi, alipomwuliza Mtume ni nani ampendaye zaidi katika watu, alijibiwa kuwa ni mkewe Aisha, kwa uwazi, na jawabu hilo limo katika Sahihi ya Bukhari lisomwe na kila mtu. Basi haya yetu inayotuzuia kusema hata "ameishona mke wangu" ni haya ya aina gani?

Nimesema ameishona kwa sababu nina kofia moyoni. Kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono si kazi ya siku mbili. Hupita wiki nyingi, na pengine miezi, mwanamke akizungushia uzi tundu moja baada ya jingine, mchana akipata nafasi na usiku mbele ya taa, na akikosea safu moja huifumua yote. Ikiisha, bwana huivaa akaenda Ijumaa, na mlangoni pa msikiti watu humwambia, "Ama kofia hiyo!" naye huinamisha kichwa akasema ahsanteni, kana kwamba imemwota pamoja na nywele. Enyi mabwana, Ijumaa hii mtu akikusifuni kofia, mwambieni nani aliyeishona. Kisha rudini nyumbani mkamwambie mshonaji nani aliyeisifu, na alisema nini hasa.