Kuku na Baridi ya Katanga

Katika nyanda za juu za Katanga usiku wa Juni na Julai huwa na baridi kali. Lubumbashi yenyewe i karibu mita 1,200 juu ya bahari. Ndipo wafugaji wengi huziba kila tundu la banda, hata huingiza ndani mbabula ya makala. Huko ni kuwaua kuku kwa huruma.

Kuku mkubwa amevaa manyoya, na mwili wake una joto la digrii 41 hivi. Baridi kavu huivumilia. Kimdhuruye ni unyevu. Usiku kucha hupumua na kunya. Banda likizibwa, mvuke hauna njia, na hewa kali ya mavi huchoma mapafu. Ingieni alfajiri, mchutame hata vichwa vyenu viwe sawa na vyao: macho yakiwasha, banda halifai. Basi, zibeni upande upigwao na upepo, bali acheni matundu juu, chini ya paa. Tandazeni maranda makavu, unene wa sentimita 10. Wapeni ubao wa kulalia, si ufito mwembamba, ili wakichuchumaa manyoya yafunike vidole. Na jioni, mahindi.

Vifaranga ni habari nyingine: juma la kwanza wahitaji digrii 32 hadi 35, na mama yao ndiye jiko bora. Mbabula katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo haichagui kati ya vifaranga na watoto walalao humo.