Mishipa ya miguu: leza ao mawimbi ya redio, kidonda hakingoji

Kwa wahami wa Masisi na Walikale, mguu ndio gari. Mama anabeba mzigo mgongoni, anasimama foleni ya maji, anasimama tena foleni ya chakula. Kusimama muda mrefu, mimba nyingi na urithi wa familia huchangia mishipa ya miguu kuvimba na kujikunja. Wengi wanadharau, mpaka ngozi karibu na kifundo inakuwa nyeusi na kidonda kinafunguka.

Mahali penye vifaa, mishipa hiyo inatibiwa kwa joto bila kupasua mguu. Mganga anatia ganzi, anaongozwa na ekografi, anapitisha waya mwembamba ndani ya mshipa mbovu. Leza inauchoma kwa mwanga. Mawimbi ya redio yanapasha ncha ya waya hadi nyuzi 120, kwa sekunde 20 kila kipande. Mshipa unajifunga, damu inapita kwenye mishipa mizima, na mgonjwa anatembea siku hiyo hiyo.

Ipi ni bora? Zote mbili zinafunga mshipa karibu sawa. Leza za zamani ziliumiza zaidi siku za kwanza. Leza mpya zimepunguza tofauti hiyo. Si jambo la kuuzia mbuzi wa familia.

Jambo kubwa ni muda. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2018 ulifuata wagonjwa 450 wenye vidonda. Wote walifungwa bandeji za kukaza. Waliotibiwa mshipa mapema, nusu yao walipona ndani ya siku 56. Waliocheleweshwa, siku 82. Tena si wote walichomwa kwa joto: wengi walidungwa dawa ya povu, kazi ya sindano na ekografi tu.

Hapo ndipo wanaosaidia zone za afya waangalie. Barabara ya Sake kwenda Masisi imewahi kukatwa na mapigano, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, na leza bila umeme ni pambo. Waanze na bandeji, na muuguzi anayejua kuzifunga na kupima kwanza kama damu inafika vizuri kwenye mguu. Halafu ekografi na dawa ya povu. Leza itafuata.

Wako watakaosema kolera na risasi kwanza. Ni kweli, vinaua haraka. Lakini mwenye kidonda mguuni halimi, na siku kijiji kinapokimbia, yeye ndiye anayebaki nyuma.

Wakati huu, familia zisikubali mshipa uchanjwe kwa wembe. Mgonjwa atembee, na akipumzika ainue miguu. Mshipa ukipasuka, alale, mguu uinuliwe, pakandamizwe kwa kitambaa safi. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.