Maji Matamu Nayo Huzamisha

Kila mwaka ikifika Julai, familia zetu za Toronto hufungasha mikeka, mishikaki na chupa za chai, zikaenda Wasaga Beach, kwenye Georgian Bay ya Ziwa Huron. Mwaka huu pia tulikwenda, na picha zimo katika kurasa nyengine za kitabu hiki. Mimi nataka kusema jambo ambalo picha hazikulionyesha.

Pwani ile ni nzuri, sikatai. Mchanga wake laini unakwenda kilomita 14, na husemwa kuwa hakuna pwani ya maji matamu ndefu kuliko hiyo duniani. Maji hayachomi macho, hayapwi wala hayajai kwa kiasi cha kuonekana, na mtu aweza kwenda mbali yakamfika magotini tu. Ndiyo maana sisi wazee huketi tukayapa mgongo. Tuliozoea bamvua la Unguja tunaliona ziwa kama beseni. Nami nilikuwa wa kwanza kusema, "Waacheni watoto, hili ni ziwa tu."

Mchana ule upepo uligeuka, ukavuma kutoka kusini. Wasaga inatazama kaskazini-magharibi, kwa hiyo upepo wa kusini hutoka nchi kavu kwenda majini, na karibu na ufukwe maji hubaki yametulia kana kwamba hakuna kitu. Mjukuu wangu wa miaka 9 alikuwa juu ya boya la kujaza pumzi, tulilolinunua njiani. Alinipungia mkono akicheka, "Babu, nasafiri!" Nami nikampungia. Nilipotazama tena alikuwa ameshapita mafungu ya mchanga, na hacheki. Baba yake alikimbilia majini, yalipomfika kifuani akasimama, kwa sababu hajui kuogelea. Vijana wawili tusiowajua, wenye mtumbwi wa plastiki, ndio waliomrudisha.

Baba huyo nimemlea mimi. Nimefundisha watoto wa watu hesabu na jiografia miaka 31, mwanangu sikumfundisha kuelea. Sisi tulijifunza kwa kuruka kutoka ukuta wa Forodhani, hapana aliyetuonyesha, tukadhani waliozaliwa huku watayarithi hayo katika damu. Na maji yenyewe si yale. Lita moja ya maji ya ziwa ina uzito wa kilo 1. Ya bahari, kwa ajili ya chumvi, hukaribia kilo 1.03. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyokuwa ikituinua. Ziwani mwili hukaa chini zaidi kidogo.

Wako watakaosema, na wasichana je? Nguo za kuogelea zenye stara zinauzwa, na yako mabwawa ya ndani yenye saa za wanawake peke yao. Kumnyima binti kujifunza, kisha tukampeleka ziwani kila Julai, stara hiyo siielewi.

Naiomba kamati yetu ipunguze fedha za mishikaki (najua nitachukiwa) ilipie masomo ya kuogelea wakati wa baridi. Maboya ya kujaza pumzi tuyaache nyumbani. Na kila kundi la watoto liwe na mtu mzima aliyetajwa kwa jina, asimame majini, si mkekani.

Mjukuu wangu ameshaanza, kila Jumamosi. Baba yake yumo katika bwawa hilo hilo, upande wa maji machache, ameshika ukingo.