Kupenda inchi, huku na ng'ambo

Ng'ambo ya ziwa Moero, Wazambia wanapandisha bendera ambayo ni karibu ileile tangu 1964. Huku Kilwa, wankambo wetu waliona ya Wabelgiji, ya Kongo mwaka 1960, ya Katanga mpaka 1963, ya Zaire kuanzia 1971, kisha Kongo tena mwaka 1997. Wakati wa Mobutu watu walilazimishwa kumuimbia na kumuchezea. Ndiyo sababu wengine wakisikia «penda inchi» wananyamaza. Tusiwaite wasaliti.

Watoto wakituuliza, tuwaeleze yote hayo bila woga. Tuwafundishe kwamba inchi siyo mukubwa anayetawala. Inchi ni jirani, ni masomo, ni kisima tunachosafisha pamoja bila kuamriwa. Juma hili tukisafishe pamoja nao.