NANI KASEMA UKIMYA NDIYO MILA YETU?

Bumu halijatoka na mitihani inanukia, lakini hili siwezi kulala nalo. Juzi kwenye semina mada ilikuwa hivi: filamu fupi zinazoongelea mwili wa mwanamke (hedhi, ukeketaji, uzazi wa mpango, hata raha ya tendo lenyewe) zionyeshwe shuleni au zisionyeshwe? Jamaa mmoja akasimama, akasema hayo si maadili ya Mwafrika. Akapigiwa makofi. Mimi napinga, tena napinga kwa kutumia mila hizo hizo alizozitaja.

Kwetu ni Msowero, wilaya ya Kilosa. Pande zetu hizi, kwa Wakaguru na majirani zao Waluguru, binti akivunja ungo alikuwa anawekwa ndani. Bibi na shangazi walimfundisha, kisha akatolewa kwa ngoma na kijiji kizima kikajua kuwa mwali ametoka. Hakuna kiungo kilichokosa jina, na hakuna mama aliyeona haya kukitaja mbele ya mwali. Nenda Zanzibar: Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, tunamkumbuka kwa taarabu, lakini alikuwa pia mwalimu mkubwa wa unyago. Dunia ilimjua zaidi kupitia filamu ya mwaka 2006, As Old as My Tongue. Sasa huyo naye hakuwa Mwafrika?

Msinielewe vibaya, sisemi unyago ulikuwa pepo. Mengi yaliyofundwa yalikuwa ya kumfurahisha mume, na wengi walitoka ndani moja kwa moja kwenda kuozwa. Kwingine walikutana na wembe. Sheria ilipiga marufuku kukeketa wasichana walio chini ya miaka 18 tangu 1998, lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 bado ulikuta takriban asilimia 8 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Hayo tuyatupe. Ila tusidanganyane kwamba bibi zetu walikaa kimya. Ukimya tumeuleta sisi wasomi, halafu tukauvika kanga tukauita mila.

Na ukimya huo una bei. Utafiti huo huo wa 2022 unasema asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Juni 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kuwa mwanafunzi akijifungua harudi shule ya serikali. Septemba 2018 wizara ya afya ikaagiza matangazo ya uzazi wa mpango yaliyokuwa yakirushwa redioni na kwenye TV kwa ufadhili wa Wamarekani yasimame. Angalieni hesabu hiyo jamani: binti usimwambie kitu, akibeba mimba mfukuze! Mlango wa shule ulifunguliwa tena Novemba 2021. Kwa miaka hiyo minne na ushee, nani aliwalipa waliobaki nje?

Mtasema Biolojia inafundisha. Inafundisha, ndiyo. Mada ya uzazi tuliisoma kidato cha tatu, tena kwa Kiingereza. Binti alishavunja ungo miaka miwili mitatu kabla, wenzake wengine hata sekondari hawakufika. Kwenye mazoezi ya kufundisha niliona mwalimu akiiruka mada nzima, ati wakajisomee wenyewe. Wakajisomee wapi?

Hapo ndipo filamu fupi inapofaa, na Waafrika wanazitengeneza. Beryl Magoko, Mkurya wa Kenya, alisomea filamu Kampala, akarudi kijijini kwao na kamera akatengeneza The Cut (2012), isiyofika hata saa moja. Mwaka 2018 akatoa In Search..., safari hii akiongea yeye mwenyewe kama mwanamke aliyekeketwa. Huyo hakuja kutushangaa, anaongea na mama zake na wenzake. Wakurya wako Tarime pia, kwa hiyo hadithi hiyo ni yetu kabisa.

Lakini hebu niambieni, Msowero nani kaiona? Zinaonyeshwa kwenye matamasha Ulaya, watu wanalia, wanapiga makofi, basi. Kijijini kwetu kibanda cha video kimeonyesha sinema za mateke za Hong Kong zikiwa na mkalimani wa Kiswahili, tangu enzi za Lufufu. Jackie Chan katafsiriwa, kizazi changu hakijatafsiriwa!

Nina ugomvi pia na wapiga picha wenyewe. Wengine wakija kwetu wanatafuta binti anayelia, wanamkaribishia kamera usoni, wanaondoka. Msichana wa miaka 13 hawezi kuwa bango la kuombea msaada. Uhuru wa mwili ni pamoja na kuikataa kamera. Na sisi si vidonda tu: tuna maswali, tuna utani, tuna raha zetu. Filamu ya mwanamke asiyeumwa popote nayo ni elimu.

Kwa hiyo nasema hivi. Filamu hizi ziwekewe sauti ya Kiswahili, dakika kumi na tano zinatosha. Zionyeshwe shuleni kuanzia darasa la sita, wavulana wakiwemo, maana mimba haijiingizi yenyewe. Bibi mmoja na nesi wa zahanati wakae mbele wajibu maswali. Na sisi tunaosomea ualimu, kama hatuwezi kutamka neno hedhi bila kucheka, tutafute kazi nyingine mapema.

Yule jamaa wa semina, kama una hoja zaidi ya makofi, njoo nazo. Mimi niko maktaba, nadesa.